Mvua Haitungoji: Mama, Anza Leo Nyumbani Kwako

Nakusalimu wewe uliye Nyatike, Uriri, Rongo, Awendo, Suna na Kuria. Nawasalimu pia wenzetu wa Ndhiwa, Rangwe, Suba, Mbita, Karachuonyo, Kasipul na Kabondo. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, ongeza sauti ya redio kidogo. Kama nyanya yuko karibu, mwite, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu yeye pia.

Leo tutazungumza juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Najua kuna mama atakayesema, "Sista, hayo ni mambo ya wataalamu na serikali. Mimi nina watoto, nina shamba, nina omena ya kuanika. Hali ya hewa nitaiweza wapi?" Mama, usizime redio. Nisikilize kwanza nikueleze kisa kimoja.

Wakati wa mvua ndefu ya mwaka 2024 nilikuwa zamu katika zahanati moja karibu na ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mchana. Barabara ilikuwa imekatika na vyoo vingi vilikuwa vimefurika. Asubuhi moja walifika kina mama wawili, majirani wa mlango kwa mlango, kila mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Watoto wote wawili walikuwa wameanza kuhara usiku mmoja.

Mama wa kwanza alikuwa na pakiti za ORS ndani ya mkebe, ameutundika juu karibu na paa ili maji yasiufikie. Alikuwa pia na maji yaliyochemshwa. Mtoto alipoanza tu kuhara, alimkorogea, akampa kwa kijiko usiku kucha, na akaendelea kumnyonyesha. Mtoto alifika akiwa mnyonge, lakini alikuwa na machozi na alikuwa anakunywa.

Mama wa pili hakuwa na pakiti. Alikuwa amesikia kwamba mtoto anayehara asinyonyeshwe, eti maziwa yanaongeza kuhara. Akampa chai ya rangi kidogo, akangoja mvua ipungue ndipo atoke. Mtoto wake alifika macho yameingia ndani, hana machozi, na ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi upesi. Tulijitahidi. Hakufika jioni.

Mpenzi msikilizaji, mama yule hakuwa mama mbaya wala mzembe. Alifanya alilolijua. Mwenye kujilaumu ni mimi. Mwezi wa Januari mwaka huo nilikuwa nimetembelea kijiji chao. Nilizungumza juu ya chanjo na uzazi wa mpango, nikaenda zangu. Juu ya mvua iliyokuwa inakuja sikusema neno, ingawa nilijua jinsi ziwa lilivyoingia katika maboma ya watu mwaka 2020. Tangu siku ile niliahidi kwamba sitangoja tena mvua ianze ndipo nizungumze. Ndiyo maana niko nawe leo.

Sasa tuulize, je, mvua na jua vimepatwa na nini?

Ukimwuliza nyanya, atakuambia kwamba zamani watu walijua mwezi wa kupanda. Mvua ndefu ilikuja Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Siku hizi mvua inachelewa, halafu inamwagika yote kwa siku chache. Kisha jua linawaka hadi mahindi yanakauka yakiwa hayajafika kiunoni.

Sababu yake ni hii. Watu duniani wanachoma mafuta mengi, makaa ya mawe na gesi kwa magari, viwanda na umeme. Pia wanakata misitu. Moshi na gesi zinazotoka hapo hupanda juu na kuizunguka dunia kama blanketi zito. Joto la jua linaingia, lakini kutoka linashindwa. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto jingi zaidi duniani tangu watu waanze kuweka kumbukumbu. Hewa ikiwa na joto hubeba maji mengi zaidi, na ikiyaachilia, huyaachilia kwa wingi. Hapo tunapata mafuriko. Na joto hilohilo hukausha udongo upesi mvua ikikosa. Hapo tunapata njaa.

Sisi tumeyaona kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2019 mvua ilinyesha kupita kiasi, na kufikia Mei mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda juu kuliko wakati wowote uliokuwa umepimwa hadi wakati huo. Watu wa pwani za Nyatike, Karachuonyo na Mbita walihama makwao. Vyoo na visima vilimezwa. Viboko na mamba walisogea karibu na mahali watoto wanapochota maji. Mwaka 2024, mvua ya Machi hadi Mei iliua karibu watu 300 katika Kenya nzima, na Mto Kuja ukavunja kingo zake tena kule Nyatike.

Pengine utauliza, "Sista, je, ni sisi tulioleta haya?" Nitakujibu kwa ukweli. La, si sisi. Gesi zinazotoka Kenya nzima hazifiki hata asilimia 1 ya gesi za dunia. Mama anayepikia mafiga matatu kule Ndhiwa hakuharibu hali ya hewa ya dunia. Nchi tajiri ndizo zenye deni kubwa, na viongozi wetu wanapaswa kuendelea kulidai.

Lakini mama, nyumba ya jirani ikishika moto na upepo unavuma kwako, hukai chini kuuliza nani aliyewasha. Unamtoa mtoto kwanza. Mimi na wewe hatuwezi kuamuru ziwa lishuke. Lakini tunaweza kufanya mambo ambayo mvua ikija haitamkuta mtoto wetu ovyo. Na mambo hayohayo yanasaidia udongo wetu, miti yetu na hewa yetu. Nitakutajia matano. Hakuna hata moja linalohitaji kungoja msaada.

Jambo la kwanza ni maji, choo na mkebe wa dharura.

Maji ya mafuriko hubeba uchafu wa vyoo hadi kisimani na mtoni. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hutokea. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kipindupindu kiliripotiwa hapa Migori na kule Kisumu. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote vizuri, au tia dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa, na ungoje muda ulioandikwa. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi. Yaweke katika chombo chenye kifuniko.

Ukiwa na paa la mabati, kinga maji ya mvua. Mvua ya kwanza ioshe paa, iache ipite. Inayofuata ndiyo ya kukinga. Mkichimba choo kipya, kiwe mbali na kisima, upande wa chini, na sakafu yake iinuliwe juu ya ardhi ili maji yasiingie.

Halafu tayarisha mkebe wako. Ndani yake tia pakiti za ORS, tembe za zinki, dawa ya kutibu maji, sabuni, kadi ya kliniki ya mtoto iliyofungwa katika karatasi ya plastiki, na kiberiti. Utundike juu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako atakusaidia kupata ORS na zinki. Mwaka 2023 wahudumu hawa walipewa mikoba ya vifaa ili waweze kukufikia nyumbani. Mjue kwa jina na ujue boma lake kabla hujamhitaji.

Mtoto akihara, mpe ORS kidogo kidogo mara kwa mara, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kama kuhara kumekoma mapema. Na nyonyesha! Narudia, mama, nyonyesha. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee kama chakula chake, hata wakati wa mafuriko. Hakuna maji masafi kushinda hayo.

Jambo la pili ni malaria.

Sisi watu wa ziwani tunaijua malaria tangu tuzaliwe. Lakini joto likizidi, mbu huzaana upesi zaidi, na vijidudu vya malaria hukomaa haraka zaidi ndani ya mbu. Maji yakituama baada ya mafuriko, mbu wanapata mahali pa kutagia. Kwa hiyo kila mvua kubwa ikipita, hesabu wiki chache tu, zahanati inajaa watoto wenye homa.

Nenda leo uangalie neti yako. Je, iko juu ya kitanda au inazuia kuku wasiingie kwenye mboga? Usicheke. Mimi mwenyewe nilipokuwa nimeolewa karibuni nilikuta neti yangu mpya imezungushiwa bustani ya sukuma wiki, na mwenye kuizungusha alikuwa mama mkwe. Sikugombana naye. Nilimwita kliniki siku moja, akaona watoto wenye homa kali walivyojaa kwenye benchi. Aliporudi aliitoa mwenyewe. Neti ni ya kulalia, na wa kwanza kulala ndani ni mtoto na mama mjamzito.

Mjamzito, nenda kliniki mapema upewe dawa ya kuzuia malaria. Wewe mwenye mtoto mdogo, kumbuka chanjo ya malaria. Hapa Kenya ilizinduliwa kwetu, Ndhiwa, mwezi wa Septemba mwaka 2019. Dozi ni nne, na ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6. Angalia kadi yako. Wengi huanza vizuri, lakini dozi ya nne wanaisahau kwa sababu mtoto amekua na anakimbia. Usiisahau. Na hata akiwa amechanjwa, bado alale ndani ya neti.

Jambo la tatu ni jiko.

Hapa ndipo mama anapogusa hali ya hewa kwa mkono wake kila siku. Moto wa mafiga matatu unakula kuni nyingi na kutoa moshi mwingi. Moshi huo unaingia katika mapafu ya mtoto aliye mgongoni mwako. Watoto wanaovuta moshi wa jikoni hupata kichomi kwa urahisi zaidi, na kichomi ni mmoja wa wauaji wakubwa wa watoto wadogo. Wakati huohuo kuni na makaa vinamaliza miti. Tazama vilima vya Wire na Gwassi, halafu umwulize mzee jinsi vilivyokuwa zamani.

Jiko la kuokoa kuni, lile la udongo linalojengewa jikoni, linapunguza kuni na moshi. Kuna vikundi vya kina mama vinavyolitengeneza. Mimi nina langu. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu sasa unanifikisha siku ya tano. Kama huna pesa sasa, anza na haya yasiyo na gharama. Tumia kuni kavu. Loweka nyoyo au maharagwe usiku kucha, umwage maji yale kabla ya kupika. Funika sufuria. Toboa dirisha jikoni. Mtoto asikae jikoni wakati moto unafuka moshi. Na kama mnaweza kupika kwa gesi hata mara moja kwa siku, fanyeni hivyo.

Kuna pia kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa, litandike blanketi kuukuu au nguo nzito pande zote. Chemsha maharagwe kwa nguvu dakika 20 hivi, halafu tia sufuria moto ndani ya kapu na ulifunike vizuri. Nenda shambani. Ukirudi, chakula kimeendelea kuiva bila kuni. Kabla ya kula, kirudishe motoni kichemke tena.

Na tafadhali, usiwashe moto kwa plastiki. Moshi wake ni sumu kwa mtoto.

Jambo la nne ni miti.

Mto Kuja unaanzia milima ya Nyamira na Kisii, unaungana na Mto Migori, kisha unaingia ziwani kule Nyatike. Fikiria hapo. Mti ukikatwa juu mlimani, udongo haushikwi tena. Mvua inausomba, mto unajaa tope, na aliye chini analala na maji kitandani. Kwa hiyo mti unaopandwa Rongo unamlinda mtoto ambaye mama wa Rongo hatamwona kamwe.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 akiwa na kina mama wa vijijini, wakiotesha miche katika vikopo na mifuko. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mama wale wengi hawakuwa na cheti cha msitu. Walikuwa na majembe.

Utaniambia, "Sista, shamba si langu, ni la mzee." Naelewa. Katika desturi zetu mti mkubwa unaonekana kama alama ya mwenye ardhi, na mama akipanda bila kusema anaweza kuleta maneno. Basi zungumza naye jioni akiwa ametulia. Anza na mti ambao hakuna atakayeubishia, mti wa kula: mpapai, mwembe, mparachichi, mpera. Mzee akila papai la kwanza, atakuonyesha mwenyewe mahali pa kupanda la pili. Mikalitusi usiipande karibu na kisima au mto, kwa maana inakunywa maji mengi.

Chimba shimo kabla ya mvua, futi 2 kwenda chini. Changanya udongo na samadi. Panda mvua ikianza. Maji ya kumwosha mtoto na ya kuoshea vyombo yasimwagwe bure, ndiyo ya kunyweshea mche. Uzungushie miiba ili mbuzi wasiumalize. Mti mmoja kwa kila mtoto uliyenaye, na jina la mtoto huyo. Utaona jinsi watoto watakavyoitunza.

Jambo la tano ni chakula.

Mahindi pekee hayatoshi tena. Mvua ikikosea, yanakufa yote na mtoto anaanza kukonda. Changanya. Panda mtama, wimbi, mihogo na kunde, vyote huvumilia jua. Panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A inayolinda macho na nguvu za mtoto. Wenzetu wa Kabondo ni mabingwa wa viazi vitamu, waulizeni mbegu. Mboga zetu za kienyeji, osuga, dek, apoth na boo, zinaota upesi na zina madini mengi. Kama huna shamba, jaza gunia udongo na samadi, utoboe pande zote, upande mboga. Gunia moja mlangoni, likimwagiliwa maji ya kuoshea vyombo, linampa mtoto mboga hata wakati wa jua. Na usisahau omena.

Mpenzi msikilizaji, kuna dalili ambazo ukiziona usingoje mvua ipungue wala kukuche. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya. Anayetapika kila kitu. Mwenye degedege. Anayepumua haraka au kifua kikiingia ndani. Aliyelegea au haamki vizuri. Mwenye damu katika choo. Mtoto mwenye homa yoyote apimwe malaria siku hiyohiyo. Kubalianeni mapema na majirani: nani mwenye mashua, nani mwenye pikipiki, na njia ipi haijai maji. Wekeni akiba kidogo ya nauli katika chama chenu.

Basi, kabla sijakuaga, hebu turudie. Moja, tibu maji na uwe na mkebe wako juu. Mbili, neti kitandani na chanjo zote nne. Tatu, punguza moshi na kuni. Nne, panda mti kwa kila mtoto. Tano, changanya mazao. Usijaribu yote siku moja ukachoka. Leo, redio ikizimwa, fanya moja tu. Kesho fanya la pili.

Mama yule wa pili niliyekueleza bado tunaonana. Mwaka jana alinionyesha mkebe wake umetundikwa ndani, na mpapai mlangoni. Aliniambia, "Sista, huu nimempandia yeye." Sasa ana mtoto mwingine. Anapita kwa majirani akiwauliza kama wana ORS nyumbani. Sikumtuma. Anafanya kazi ambayo mimi nilipaswa kuifanya ule mwezi wa Januari.

Mvua itakuja, mama. Haitatungoja. Isitukute tumekaa. Hadi tutakapokutana tena, kaa salama wewe na watoto wako. Kwaheri.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu:

1. Mvua kubwa ikinyesha usiku wa leo, ni nyumba ngapi katika kikundi chetu zina ORS na maji yaliyotibiwa?
2. Ni mtoto gani kati ya watoto wetu ambaye hajamaliza chanjo ya malaria? Nani atamkumbusha mama yake?
3. Mtoto akizidiwa na barabara ikiwa imekatika, tutampeleka kwa njia gani?
4. Je, kikundi chetu kinaweza kuotesha miche mingapi kabla ya mvua ijayo, na nani atainywesha?